Butura na wajanja wa London

Wadau, leo tuongelee butura. Kwa asiyetoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini. Mwenye fedha anaingia kibanjani, anakadiria, anatoa pesa leo, na kahawa ataichukua wakati wa mavuno. Iwe Katerero kule Bukoba, iwe Kamachumu au Nshamba huku Muleba, habari ni ileile. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda miaka rudi na bado ipo, kwa sababu msiba, ugonjwa na mahitaji ya mtoto wa bweni havisubiri msimu.

Sisi tuliosoma tunapenda kusema mkulima ni mjinga. Sikubaliani. Kuuza kabla ya mavuno si ujinga. Wafanyabiashara wakubwa wa robusta katika soko la London hufanya hivyo kila siku. Tofauti ni kwamba mjanja wa kule, kabla ya kuweka saini, anajua mambo yakienda kombo atapoteza kiasi gani.

Hebu tupige hesabu, mfano tu. Mzee anategemea kilo 500. Anapewa shilingi 1,500 kwa kilo, yaani 750,000. Msimu ukifika, mnada unasoma 3,500, yaani 1,750,000. Amelipa milioni moja kwa kukopeshwa laki saba na nusu! Hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 130 kwa miezi michache. Benki ingethubutu kutoza hivyo tungeandamana. Na mavuno yakipungua, deni linahamia msimu ujao. Bei ikipanda anafaidi mwenye fedha, kahawa ikikosekana anaumia mzee.

Sasa tuangalie London. Kule kuna opsheni: unalipa ada, unapata haki ya kuuza kwa bei fulani, na hulazimiki kuitumia. Tuseme tani iko dola 3,500. Chama kinanunua haki ya kuuza kwa 3,400, ada dola 200. Ghali? Basi kinamuuzia mtu mwingine haki kama hiyo ya bei ya 3,000 na kupokea dola 80. Mseto huo ndio spredi. Ada imebaki dola 120 kwa tani, na kinga hiyo haiwezi kukugharimu zaidi ya hapo. Bei ikipanda, kahawa bado ni yako. Ikianguka, unafidiwa kuanzia 3,400 hadi 3,000; chini ya hapo unarudi kunyeshewa.

Lakini spredi ina miguu miwili. Ukitamani faida ukauza ile haki uliyonunua na kuacha ile uliyouza, kinga imegeuka kamari. Vilevile usifunge mkataba wa tani nyingi kuliko kahawa uliyo na uhakika nayo. Hapo ndipo butura na kamari ya London zinapofanana: zote zinaahidi kisichokuwepo.

Na bei zenyewe hazina huruma. Mwaka 2020 robusta ilishuka chini ya dola 1,300 kwa tani. Septemba 2024 ikavuka 5,000. Mwaka 2025 ikaporomoka tena.

Najua mkataba mmoja wa London ni tani 10, kwa hiyo mzee wa Nshamba hauwezi peke yake. Lakini chama kikuu kama KCU kinakusanya kahawa ya maelfu ya wakulima. Si ndoto: miaka ya mwanzo ya 2000, Benki ya Dunia ilisaidia vyama vya kahawa nchini kujaribu kinga za aina hii, KNCU ya Kilimanjaro kikiwamo.

Msimamo wangu ni huu. Chama cha msingi kiwe na mkopo wa dharura wenye riba inayojulikana, na kichukue dhamana ya sehemu tu ya mavuno, tuseme theluthi, kamwe si kibanja kizima. Chama kikuu kinunue kinga ya bei, na gharama yake isomwe hadharani kwenye mkutano mkuu. Na mkulima aulize swali moja kabla ya kupokea noti: mambo yakiharibika, napoteza kiasi gani mwisho kabisa? Asiyeweza kumjibu kwa tarakimu, asimpe kahawa.

Marufuku bila mkopo ni kumwambia mgonjwa asiugue. Wadau, mnasemaje?