Tuacheni na Somo la Mapishi

Mtoto wa Msambweni akikosa damu, wa kwanza kulaumiwa ni mamake. Eti hajui lishe, aitwe semina afunzwe kupika. Jamani, acheni hizo.

Mama wa Kidigo anajua mtsunga, anajua kunde, anajua samaki. Lakini samaki mzuri ana bei ya hoteli za Diani, na nyumbani inabaki sima na strungi. Chai yenyewe inauzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Na hiyo damu kidogo ina wenyewe: minyoo ya safura inainyonya tumboni, kichocho kinaitoa kwa mkojo, malaria inavunja chembe zake. Kuna upishi wa kumfukuza mbu?

Toka 2013 hadi 2024 mchanga mzito ulichimbwa hapa Kwale, ukapakiwa melini Likoni. Mchanga ule una titani, na chuma pia. Chuma chetu kimevuka bahari, watoto wetu wamebaki bila chuma mwilini.

Leteni vyoo, maji safi, neti, na dawa zisizoisha zahanatini. Mapishi tutawafunza sisi.