Acheni Kuwapeleka Wabishi Sheria

Mwezi uliopita nilikaa kwenye mahafali ya kidato cha sita nikamsikiliza mgeni rasmi akiwagawia watoto wa watu maisha. Wanaopenda namba aliwapeleka uhasibu, wapole ualimu, na alipofika kwa wale wanaobishana na walimu akawanyooshea mkono: "Ninyi nendeni mkasome sheria, mdomo wenu utawalisha." Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, wazazi wakifurahi kuliko wote. Hasira niliyoondoka nayo haijanitoka.

Imani hiyo imo kila nyumba. Mtoto akijibizana na wakubwa, shangazi anasema huyu wakili. Naye anakua akiamini hivyo. Akifika chuo kikuu anajiandaa kwa Shule ya Sheria, ambako mwenye shahada husomea uwakili, kwa njia ileile ya mdomo: klabu ya midahalo, suti nyeusi, picha za mahakama ya kuigiza, sauti nzito ya "mheshimiwa jaji". Mitihani anaivuka kwa madesa. Miaka minne inakwisha hajasoma hukumu hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kilichofuata tulikiona mwaka 2022. Wanafunzi 633 walifanya mtihani pale Shule ya Sheria, Dar es Salaam. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopewa sapu 342, waliodisko 265. Nchi ikashtuka, na waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Mitaani watu wakaamua kwamba mawakili wakongwe wanalinda ulaji wao. Mimi nauliza jambo moja tu: hao 607 walikosa maneno? Hawakukosa. Waliojitokeza kulalamika walilalamika kwa ufasaha mkubwa.

Walichokosa ni kusoma na kuandika. Nasema hivyo bila kuomba radhi, kwa sababu vijana wa namna hiyo wanakuja ofisini kwetu kujifunza kazi na ninaona wanachoandika. Ukimwambia kijana aandike hati ya madai, anakuandikia hotuba. Hati ya kiapo anaijaza hoja za kisheria wakati mahali pake ni pa ukweli anaoujua muapaji. Hajui kwamba kesi ya mkataba ina miaka 6 na ya kudai ardhi miaka 12, na kwamba muda ukipita, ufasaha wote wa dunia haumsaidii mteja.

Chukueni kesi ya Holaria Pastory, ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaitaja. Mama huyu wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo kulidai, na huko mila ikashinda: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya wilaya ikaupindua uamuzi huo, na rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaweka mezani kanuni za mila zilizoandikwa, akaweka na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akaweka na mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Akazipima pamoja, mila ikaanguka, mauzo yakabaki halali. Hapo ubishi ulifanya kazi gani? Mtu alisoma maandishi matatu tofauti akaona yanapogongana, akaandika kwa nini moja lazima lishinde. Uanasheria ndio huo. Wanafunzi wetu wanaijua kesi hii kwa mistari minne ya desa, na ukiwauliza mahakama ya mwanzo ilisema nini wanatazama dari.

Kuna aliyenijibu kwamba vijana hawasomi hukumu kwa kuwa ni ghali kuzipata. Upuuzi mtupu. Zimejaa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na kijana anayenililia hivyo ana simu ambayo bando lake linakwisha kila siku kwa kubeti mpira.

Na vyuo navyo visijifiche nyuma ya wanafunzi. Mnajaza ukumbi mzima wa vijana mbele ya mhadhiri mmoja, halafu mnashangaa insha zao hazirudi na wino mwekundu? Tena tumebadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu vinavyosomeshwa bado ni vya Kiingereza. Kijana anamaliza shahada akiwa hawezi kuandika aya moja safi kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, na hakuna aliyemwambia kwa sababu anaongea vizuri.

Anayetaka kujiandaa asome hukumu moja kila wiki, yote, kisha aandike ukurasa mmoja: nani alidai nini, sheria ipi ilibishaniwa, jaji aliamua nini na kwa sababu gani. Kwa miaka minne zitapita 200. Huyo aende Shule ya Sheria hata kama darasani hajawahi kunyanyua mkono. Na chuo kisichoweza kumsahihishia kurasa hizo kipunguze idadi ya wanafunzi kinaowapokea, kuanzia udahili ujao.