Leso Nayo ni Kitabu

Katika shule za Thika, mji wenye kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills, sanaa, lugha na ufundi hufundishwa kana kwamba havijuani. Mwalimu na aitandaze leso darasani. Neno lenyewe latokana na Kireno, lugha ya wafanyabiashara walioleta vitambaa vya mkononi pwani. Katika karne ya 19 wanawake walivishona pamoja vikawa vazi. Ndipo mashine za Ulaya, India na baadaye Japani zikachapisha pindo, mji na jina kwa pamoja. Jina hilo liliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Nasi wanaisimu, ajabu, twatafuta historia ya uchapishaji wa Kiswahili vitabuni tu, ilhali kurasa zake nyingi zilifungwa viunoni.