Gari ya Laki Sita, Sachi ya 550 Ndiyo Inakuuma?

Wasee, leo wacha niseme, na atakayekasirika akasirike.

Mkenya akinunua simu ya mtumba ya elfu nane, ataiwasha, ataweka laini, atapiga *#06#, atajaribu kamera na chaja. Mtu huyo huyo akienda kununua gari anaizunguka mara mbili, anapiga tairi teke, anasikiza injini, anasema "iko fiti", halafu anatuma laki sita. Sasa hiyo ni nini?

Binamu yangu alinunua Vitz kwa jamaa wanayeabudu kanisa moja. Logbuku aliionea kwa picha ya WhatsApp. Miezi minne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, madalali wako getini na breakdown. Kumbe mwenye gari alikuwa ameichukulia mkopo na hakuwa amemaliza kulipa. Gari ikaenda, pesa zikaenda, na jamaa hashiki simu mpaka leo.

Mnamlaumu muuzaji? Hata mimi namlaumu. Lakini sachi ya NTSA kwenye eCitizen ni shilingi 550. Inakuonyesha gari imesajiliwa kwa jina la nani, na kama aliyekopesha ameandikwa pamoja naye. Chukua hilo jina, lilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia. Halafu inama, usome nambari ya chesi kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi. Isipolingana, rudi nyumbani. Hakuna kujadiliana.

Na msiniambie "nilienda na fundi." Fundi anasikia injini, hasikii deni.

Haya, twende kwa yadi. Magari mengi hapa yanatoka Japani, na yaliyopitia mnada huko huwa na karatasi ya mnada: kilomita ngapi, hali gani, imegongwa wapi. Alama ya R kwa kawaida ni gari iliyowahi kugongwa ikatengenezwa. Iombe hiyo karatasi. Ukiona dashibodi inasoma kilomita 38,000 na raba ya breki imelika mpaka chuma, ujue kuna mtu amezirudisha nyuma. Wakikuambia karatasi imepotea, waambie pesa zako pia zimepotea.

Na nyinyi mabroka wa "ilikuwa ya mwalimu, ya kwenda shule na kanisani tu", hebu tupumzisheni. Hawa walimu wote wako shule gani?

Najua kinachowashika. Ni aibu. Mnaona ukiuliza maswali, muuzaji atadhani unamwita mwizi. Lakini mtu mkweli haogopi sachi. Atakutumia nambari ya gari akiwa bado anakunywa chai. Anayekasirika ndiye amekujibu.

Wazee walishasema usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Wewe gunia limefunguliwa, la 550 tu, na bado unafumba macho.

Kama umewahi kuchomeka hivi, andika hapo chini. Kuna mtu kesho anaenda kutuma deposit.