Maoni: Simu ya aliyekimbia isiachwe izeeke

UVIRA – Desemba 2025, vita vilipoufikia mji wa Uvira, maelfu ya wakaazi walivuka mpaka kuingia Burundi. Wengine hawakubeba kitu kikubwa kuliko mtoto mgongoni na simu mfukoni. Kwa familia zilizotawanyika, kupitia simu hiyo mama hujua mumewe yuko wapi, na kaka hutuma pesa kidogo ya chakula.

Hata hivyo, wengi hukataa kusasisha programu za simu, kile ambacho mjini huitwa mizajuri. Wanasema inakula mega. Ni kweli, na mega ni ghali kwa asiye na kazi. Lakini kuacha kunagharimu zaidi.

Tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4. Aliyekuwa na simu ya namna hiyo alipoteza njia ya kuwapata ndugu zake, bila simu kuvunjika. Kwa hiyo anayenunua simu ya mitumba aulize toleo la Android kabla ya kutoa pesa.

Tena, kusasisha ni kuziba matundu ambamo wezi hupita. Machi 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya Windows. Mei mwaka huohuo, kirusi WannaCry kiliingia katika kompyuta ambazo hazikuwekewa marekebisho hayo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatari nyingine ni kurushiana programu kwa Xender, hasa ile WhatsApp ya GB. Hiyo imegeuzwa na watu wasiojulikana, na WhatsApp yenyewe huweza kufunga akaunti ya anayeitumia. Ya bure hapo si ya bure.

Lawama zisiishie kwa wenye simu. Makanisa, redio na mashirika yenye Wi-Fi, huku Uvira na ng'ambo ya mpaka, yangeweza kuwafungulia waliohama saa moja tu kwa wiki. Kijana mmoja anayejua simu atoshe kuwasaidia wazee kusasisha kupitia Play Store.

Na kabla ya kugusa chochote, kila familia iandike namba za ndugu zake kwenye daftari. Karatasi haihitaji mega wala moto wa umeme.