Tusiwafiche Wazee Wetu Wanaotetemeka

Ndugu zangu wa Mbale, kuanzia Namakwekwe hadi Nkoma, nanyi wa Bududa na Sironko mnaoshuka sokoni kila wiki: tunao wazee wanaotetemeka, na wengi tumewafungia ndani kwa aibu. Mkono wa mzee ukianza kutikisika, minong'ono huanza kwamba alivunja mwiko wa wakwe. Waganda na Wasoga huita hali hiyo buko. Mbuzi anachinjwa, mganga analipwa, mzee anazidi kutetemeka.

Mtazameni mzee huyo penye chungu cha busaa. Mkono uliolala pajani ndio unaotikisika, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anavingirisha punje ya mtama. Akiunyoosha kushika mrija, mtikisiko unapungua. Hatua zake zimekuwa fupi, uso umekakamaa, sauti imefifia. Hizo ni dalili za ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari James Parkinson wa London aliuelezea mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na mwili hukosa wepesi. Muhammad Ali, bondia aliyeshinda Kinshasa 1974, aliugua ugonjwa huohuo.

Mwingine mkono wake umetulia, ila chai humwagika kila akiinua kikombe. Hali hiyo ni tofauti na Parkinson, na mara nyingi hurithiwa ukooni. Tezi ya shingo yenye hitilafu, waragi ulioachwa ghafla, hata baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huleta mtetemo. Ndiyo maana apimwe kwanza. Parkinson haiponi, lakini levodopa humwezesha mtu kufunga vifungo vyake tena na kula bila kulishwa.

Wahudumu wa afya wa vijiji, waulizieni wagonjwa hawa nyumba kwa nyumba. Wenyeviti wa LC1, kesi ya mwiko ikiletwa kwenu, mgonjwa aende kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Masheikh na wachungaji, lisemeni jambo hili mbele ya waumini. Sote tuwadai wabunge wetu levodopa isikatike hospitalini, kwa kuwa kuiacha ghafla ni hatari. Shirika la Parkinson's Si Buko limeshaanza kazi hii Uganda. Nasi wa mashariki tuunde kikundi chetu, na Aprili 11, Siku ya Parkinson Duniani, tujitokeze mjini pamoja na wazee wetu.