Tambi si Mtihani wa Ustaarabu

Kuna kicheko kimoja cha hapa mjini kinaniudhi sana: kumcheka mtu anayekata tambi kwa kisu. Majuzi kwenye semina moja hotelini nilimwona mwandishi mwenzangu, mtu mzima na familia yake, akikata tambi zake taratibu. Washikaji wawili wakaanza kunong'ona, "Mshamba huyo." Akasikia. Akaisukuma sahani, akamalizia soda, akarudi ukumbini na njaa yake.

Jamani, kisa tambi!

Wanaocheka husema Waitaliano hawakati. Ni kweli. Muitaliano huchoma nyuzi chache kwa uma, akazizungusha mpaka zishikamane, ndipo akatia mdomoni. Lakini hao hao wana picha za karne ya 19 za mitaa ya Naples: watu wamesimama, vichwa wameinua, wanajishushia tambi kinywani kwa vidole. Mwaka 1954, katika filamu ya Miseria e nobiltà, mchekeshaji Totò alipanda juu ya meza, akala kwa mikono na nyingine akajaza mifukoni. Kichekesho, ndiyo, lakini kinachochekesha pale ni njaa.

Japani, kuvuta tambi za soba kwa sauti ni jambo la kawaida kabisa. Jaribu kwenye hoteli zetu uone utakavyotazamwa! Wasomali, ambao baasto yao ilitoka kwa Waitaliano waliowatawala, wengi huila kwa mkono, na ndizi mbivu pembeni. Na sisi je? Bibi zetu wa Pwani huzivunjavunja tambi kabla hazijaingia sufuriani, wakazipika kwa nazi, sukari na iliki, tukafuturu nazo kwa kijiko au kwa vidole. Nani amewahi kumwita bibi yake mshamba?

Sasa adabu inayomwacha mtu na njaa mbele ya sahani iliyojaa ni adabu gani? Kwangu mimi adabu ya mezani ni kunawa mikono, kutomrushia jirani mchuzi na kuacha kuhesabu matonge ya mwenzio. Mengine ni shauri la mlaji.

Na sisi wa magazetini, tunaoandika kila wiki kuhusu ubaguzi, tuanzie hapo hapo mezani.

Haya, wewe zako unazilaje?